Soksi za 70,000 na soksi za 3,000 kwenye njia ya Machame: uchambuzi wa kisa cha ndugu wawili

Mtu anayejiandaa kupanda Kilimanjaro huuliza sana bei ya buti, ya jaketi na ya begi la kulalia. Soksi huzikumbuka dakika ya mwisho, akazinunua kwa machinga huku anawahi basi la Moshi. Kisa hiki kinahusu ndugu wawili, kaka na dada, waliopanda siku zilezile, njia ileile, wakiwa na buti za aina moja. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa soksi. Ni nadra kupata ulinganisho safi namna hii mlimani, ndiyo maana tunakieleza kwa urefu. Majina, mwaka, kampuni iliyowapandisha na mahali wanapofanya kazi vimeondolewa.

Usuli

Wote wawili wako kwenye miaka ya thelathini, wanaishi Dar es Salaam na kazi zao ni za kukaa mezani. Walichagua Machame ya siku sita, mwezi wa Februari, vuli ikiwa imekwisha na masika hayajaanza. Hata hivyo msitu wa upande wa kusini wa mlima hunyeshewa mwezi wowote. Aliyewahi kupita Machame anajua kwamba siku ya kwanza koti la mvua hukaa mahali pa kufikika haraka, halifungiwi chini ya begi.

Buti walinunua pamoja, mpya, za kufika juu ya kifundo cha mguu, wakazivaa jioni kwa wiki tano ili zilainike. Kila mmoja aliacha nafasi ya kama sentimita moja mbele ya kidole gumba. Hapo walifanya vizuri, na ni lazima liwekwe wazi mapema: buti mbovu haiokolewi na soksi yoyote duniani.

Mfuko wa soksi wa kaka ulikuwa na jozi sita za pamba, zile nene za michezo, shilingi 3,000 kila jozi, jumla 18,000. Hoja yake ilikuwa kwamba siku sita zinataka jozi sita, kila asubuhi anavaa safi na kavu. Ni hoja inayoeleweka, na wapandaji wengi wa mara ya kwanza huifuata.

Dada alinunua jozi mbili mpya za sufu ya merino, sufu ya uzi mwembamba sana, kwa 70,000 kila moja. Lebo iliandika sufu asilimia 64, nailoni 32, spandeksi (uzi unaovutika) 4. Unene wake ulikuwa wa kati, shingo ndefu kupita mdomo wa buti. Siku moja kabla ya kupanda, akiwa Moshi, aliongeza jozi ya mitumba kwa 8,000: sufu nene ya kijivu, haina lebo, kubwa kuliko mguu wake. Hiyo aliitaka ya kulalia tu. Jumla yake ikawa 148,000, yaani 130,000 zaidi ya kaka yake.

“Mdogo wangu, kwa soksi?” kaka alimwambia walipokuwa wanapanga mizigo. “Hiyo si hela ya nusu gunia la mchele?”

Yaliyotokea siku kwa siku

*Siku ya kwanza, Lango la Machame hadi Kambi ya Machame.* Kutoka kama mita 1,800 hadi karibu mita 2,850, kilomita zipatazo 11 za msitu. Mvua ilianza saa moja baada ya kuondoka langoni. Buti zilikuwa za kuzuia maji, lakini maji hayakuingia kwa kupenya ngozi ya buti; yalishuka kwenye suruali na kuingilia juu, na jasho likaongezea kutoka ndani. Walitembea saa sita hivi. Kambini kaka alipovua, nyayo zilikuwa nyeupe na zimejikunja kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Soksi ukizikamua zinatoa maji. Za dada nazo zilikuwa na unyevu, ila nyayo zake zilikuwa na rangi ya kawaida, na mkunjo kidogo tu kati ya vidole.

Kaka alianika zake ndani ya hema. Hazikukauka, kwa sababu hema lenyewe usiku hujaa mvuke wa pumzi. Dada alizikamua zake kwa taulo, akaziweka tumboni ndani ya begi la kulalia, akalala na ile jozi ya mitumba miguuni. Asubuhi zilikuwa na umande tu, akazivaa hivyohivyo.

*Siku ya pili, Machame hadi Shira.* Njia ni fupi, kilomita 5 hivi, lakini ni mawe na kupanda hadi karibu mita 3,850. Kaka alivaa jozi ya pili, kavu kabisa. Kufikia saa ya tatu ya mwendo ilikuwa imelowa jasho. Nyuma ya kisigino cha kulia alianza kusikia joto la moto, doa moja tu. Hakusema. Alipovua jioni kulikuwa na wekundu wa ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Alipaka mafuta ya mgando na kulala. Kiongozi wa msafara alipopita kwenye hema kuuliza habari za kichwa, tumbo na usingizi, jibu lilikuwa “niko fresh, kaka.”

*Siku ya tatu, Shira hadi Barranco kupitia Lava Tower.* Hii ni siku ndefu: unapanda hadi mita 4,600 hivi, kisha unashuka tena karibu mita 650. Saa mbili baada ya kuondoka, kaka alianza kuchechemea. Kiongozi alimwona kwa mbali jinsi anavyokanyaga kwa ncha ya mguu, akasimamisha msafara.

“Kaka, kaa hapa kwenye jiwe. Vua buti sasa hivi, tusingoje kambini.”

Lengelenge lilikuwa la sentimita mbili na nusu, limejaa maji, bado halijapasuka. Lilikuwa pale pale mdomo wa nyuma wa buti unapokaza. Lilihudumiwa hapo hapo, na soksi za pamba zikaondolewa. Jozi pekee ya akiba iliyoweza kumtosha ilikuwa ile ya mitumba ya dada, kwa vile ilikuwa kubwa. Kaka aliendelea nayo hadi mwisho wa safari.

*Siku ya nne* walipanda Ukuta wa Barranco, wakapita Karanga, wakalala kwa saa chache Barafu, kama mita 4,650. Lengelenge halikukua.

*Siku ya tano, kilele.* Waliondoka Barafu saa sita usiku, baridi kama nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa wastani. Safari hii tatizo lilikuwa la dada. Kwa kuogopa baridi alivaa jozi zake zote mbili za merino, moja juu ya nyingine. Baada ya saa moja na nusu vidole vya mguu wa kushoto vikafa ganzi.

“Chezesha vidole,” kiongozi msaidizi alimwambia. “Vinacheza?”

“Sivisikii, kaka. Sijui kama vinacheza.”

Walijibanza nyuma ya mwamba. Jozi ya juu ikavuliwa, kamba za buti zikalegezwa sehemu ya juu ya wayo na kukazwa upya kifundoni tu. Kama dakika 20 baadaye vidole vilianza kuwasha na kuuma, dalili kwamba damu inarudi. Wote wawili walifika Kilele cha Uhuru, mita 5,895, baada ya jua kuchomoza. Walishuka siku hiyohiyo hadi Kambi ya Mweka, karibu mita 3,100.

*Siku ya sita* walitoka Lango la Mweka kwa miguu yao. Dada alikuwa na ukucha mmoja wa kidole gumba uliogeuka mweusi. Kaka alikuwa na kisigino kinachopona, na wekundu mpya chini ya wayo wa kushoto.

Maamuzi na sababu zake

*Kutoboa lengelenge au kuliacha.* Lengelenge dogo lisilobanwa huachwa, kwa sababu ngozi yake ya juu ndiyo bendeji bora kuliko zote. Hili lilikuwa chini ya mdomo wa buti, na mbele yake kulikuwa na siku tatu za kutembea. Lingepasuka lenyewe ndani ya soksi chafu, na ngozi ingeng’oka yote. Kiongozi, aliyefunzwa huduma ya kwanza, aliamua kulitoa maji kwa utaratibu. Alinawa mikono, akasafisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, akatoboa kwa sindano mpya matundu mawili madogo kwenye ukingo wa chini, akabonyeza taratibu kwa pamba safi hadi maji yakaisha. Ngozi ya juu hakuikata. Juu yake aliweka pedi isiyonata kwenye kidonda, akazungushia kipande cha sponji kilichotobolewa katikati ili shinikizo la buti liangukie pembeni, kisha plasta pana ya kitambaa yenye pembe zilizokatwa mviringo. Pembe kali za plasta ndizo hukunjika kwanza zikaanza kusugua, na plasta ikishajikunja imekuwa kokoto.

Jioni na asubuhi alifungua kukagua kama kuna usaha, wekundu unaosambaa au joto. Vingekuwepo, uamuzi ungekuwa kushuka.

*Kutumia mitumba badala ya pamba kavu.* Kaka alikuwa na jozi tatu za pamba ambazo hazijaguswa, na alitaka kuvaa mojawapo. Kiongozi alikataa, kwa sababu pamba kavu ingekuwa imelowa tena baada ya saa mbili tatu, kama jana yake. Ile ya mitumba haikuwa nzuri kwa lolote la nje: nyuzi nene, kisigino kimeanza kuwa chembamba. Lakini ilikuwa sufu. Na walihakikisha kwa kuvuta uzi mmoja na kuuchoma: ulinuka nywele zilizoungua, ukajizima wenyewe, ukaacha jivu linalosagika vidoleni. Nailoni au poliesta ingeyeyuka na kuacha ushanga mgumu, na pamba ingewaka kama karatasi. Kwa anayenunua mitumba isiyo na lebo, kipimo hiki cha uzi mmoja kinasaidia sana. Kinachotakiwa ni njiti ya kiberiti na ruhusa ya muuzaji.

*Kuvua soksi kwenye baridi kali.* Kumvua mtu buti usiku wa kilele si jambo la kufanya ovyo. Kiongozi msaidizi alilifanya kwa sababu tatu: upepo ulikuwa unazuilika, bado walikuwa chini kiasi, na ganzi ilikuwa haijafikisha saa. Angesubiri hadi karibu na Stella Point, ukingoni mwa kreta, kazi hiyohiyo ingekuwa hatari zaidi na huenda ingekuwa imechelewa.

Matokeo

Kwa mfuko: kaka alitumia 18,000 na jozi tatu zilirudi Dar es Salaam hazijavaliwa. Dada alitumia 148,000, na jozi zote tatu zilifanya kazi, mojawapo kwenye miguu ya mtu mwingine.

Nyumbani kukawa na tukio moja zaidi. Soksi zote za sufu zililoweshwa kwenye beseni moja la maji moto pamoja na mashuka, zikapigwa sabuni ya unga na kusuguliwa kwa brashi. Jozi ya mitumba ilitoka imesinyaa na kukakamaa, sasa inamtosha mtoto wa miaka sita. Merino zilitoka na ukubwa uleule, ila lastiki ya shingoni ya jozi moja imelegea kidogo.

Uchambuzi

*Pamba ilishindwa wapi.* Wengi hufikiri lengelenge hutokana na ngozi kusuguliwa juujuu. Kinachotokea kiko chini zaidi. Mguu ukiwa ndani ya buti, mfupa wa kisigino husogea mbele na nyuma kila hatua. Ngozi iliyolowa huganda kwenye soksi, na soksi huganda kwenye buti. Mfupa unasogea, ngozi haisogei, kwa hiyo matabaka yaliyo katikati yanavutwa kwa mwelekeo tofauti hadi yanaachana, na maji ya mwili yanajaza nafasi. Ngozi yenye unyevu hukamata zaidi kuliko ngozi kavu, halafu ni laini na inachanika upesi. Ndiyo maana siku ya mvua hulipwa siku ya pili au ya tatu.

Pamba hunywa jasho na kulishikilia pale pale kwenye ngozi. Ikilowa, vile vitanzi laini vya ndani hulala chini, ule unene uliokuwa mto unakuwa kitambaa bapa, na soksi huanza kukunjana. Kubadili kila asubuhi hakusaidii, kwa sababu tatizo huanza kila siku saa nne asubuhi.

*Sufu ilifanya nini.* Uzi wa sufu hunyonya mvuke ndani yake, hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, kabla mtu hajahisi kwamba umelowa. Upande wa nje wa uzi una magamba madogo yasiyopenda maji ya matone. Kwa hiyo mvuke unaondoka kwenye ngozi, na soksi inaendelea kusimama. Uzi wenyewe una mawimbi kama springi, ukibanwa unarudi. Faida hizi zilionekana hata kwenye soksi ya mitumba ya 8,000, nasi tunalisisitiza hilo: kilichookoa kisigino cha kaka kilikuwa malighafi, na haikuhitaji jina la kampuni.

Kuna woga mmoja wa watu wa pwani kwamba sufu itawaunguza miguu. Joto la soksi hutokana zaidi na unene wake kuliko aina ya uzi. Merino ni sufu yenye uzi mwembamba sana, wa kama maikroni 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) au chini ya hapo kwa soksi nzuri, wakati unywele wa mtu kwa kawaida ni maikroni 50 na zaidi. Soksi nyembamba ya merino huvalika msituni bila shida, na haiwashi. Kuwasha hutokana na nyuzi nene zinazochoma, na kaka alilalamikia hilo usiku wa kwanza baada ya kuanza kuvaa ile ya mitumba.

*Basi hiyo tofauti ya 62,000 kati ya mitumba na mpya inalipia nini?* Inalipia ufumaji. Geuza soksi nje ndani na uangalie vitu vinne. Kwanza mshono wa vidoleni: kwenye soksi nzuri ukipitisha ukucha hauukwai, kwenye soksi rahisi unakuta kigongo kinachokaa juu ya kidole kidogo na kukikata siku ya kushuka. Pili kisigino: kiwe na kikombe chake kilichofumwa, si bomba lililokunjwa, na kikae kwenye kisigino chako hasa. Tatu vitanzi vya ndani viwe vingi na vifupi chini ya wayo. Inua soksi kwenye mwanga, ukiona nuru inapita kirahisi sehemu ya kisigino, siku zake zimekwisha. Wekundu chini ya wayo wa kaka ulitokana na hapo, kwa sababu mto wa mitumba ulikuwa umeshalika. Nne, mshiko wa katikati ya wayo, ukanda wa lastiki unaozuia soksi kuzunguka.

Kisha kuna nailoni. Watu huiona kwenye lebo wakadhani wamepunjwa, na wauzaji wengine husifia sufu asilimia 100. Kwa soksi ya kupandia, sufu tupu ni udhaifu: sufu ikilowa hupungua nguvu, na kisigino hutoboka haraka. Nailoni ya asilimia 25 hadi 35 ndiyo inayobeba msuguano, na spandeksi ya 2 hadi 5 hushikilia umbo. Lebo ya dada ilikuwa ndani ya vipimo hivyo.

Jambo la mwisho linalolipiwa ni lile lililoonekana kwenye beseni. Magamba ya sufu ghafi, yakipata maji moto na kusuguliwa, hukamatana na hayaachiani tena. Soksi nyingi nzuri hutengenezwa kwa sufu iliyotibiwa ili magamba yalainishwe au yafunikwe. Jozi ya mitumba haikuwa na tiba hiyo. Fua sufu kwa maji ya baridi au vuguvugu, imegeuzwa ndani nje, sabuni kidogo ya maji, bila jiki, bila brashi. Kamua kwa taulo, anika kivulini. Usiikaushe juu ya jiko la gesi kwenye hema la mpishi. Moto huo huunguza nailoni na kuyeyusha lastiki kabla sufu haijakauka.

*Sufu ilishindwa wapi.* Haikuwa muujiza. Kwanza, haikauki haraka kuliko poliesta. Dada aliweza kuvaa tena asubuhi kwa sababu aliilaza tumboni na kwa sababu sufu yenye umande bado ina joto. Pili, haikumzuilia ukucha mweusi. Kushuka karibu mita 2,800 kwa siku moja, vidole hugonga mbele ya buti mara maelfu. Dawa yake ni kukata kucha siku mbili kabla ya safari, na kukaza kamba kifundoni kabla ya kuanza kushuka ili mguu usiteleze mbele. Tatu, na hili ni kosa tunaloliona mara kwa mara: jozi mbili kwenye buti iliyopimwa kwa jozi moja. Joto la vidole huletwa na damu. Soksi ya pili ikikaza, damu haifiki, na hewa iliyokuwa inahifadhi joto kati ya nyuzi imebanwa ikaisha. Mguu uliovaa soksi za 140,000 ukapata ganzi, huku jirani yake mwenye mitumba moja akitembea salama. Anayetaka kuvaa nyembamba chini na nene juu ajaribu buti dukani akiwa amevaa zote mbili, vidole vicheze.

*Kimya cha siku ya pili.* Soksi ilianzisha tatizo, kimya kikalikuza. Doa la moto likisemwa ndani ya dakika kumi, dawa yake ni plasta na soksi kunyooshwa. Likisemwa kesho yake, ni sindano. Viongozi huuliza habari za kichwa kwa sababu ugonjwa wa mwinuko unaua, na wako sahihi. Lakini kila jioni swali la miguu liulizwe kwa macho: “vua nione.” Mpandaji mwenyeji, hasa mwanaume, mara nyingi huona aibu kulalamikia soksi mbele ya wagumu, yaani wapagazi, wanaopita na mzigo kichwani.

*Je, ilistahili bei?* Kwa safari ya siku nne au zaidi, yenye mvua na baridi, bila pa kufua, jibu letu ni ndiyo, kwa jozi mbili tu. Moja ya kutembea, moja inayobaki kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji hadi usiku wa kilele. Jozi ya tatu, ya kulalia, inaweza kuwa mitumba. Jozi sita za merino ni hela iliyotupwa, kwa kuwa sufu hainuki upesi na inavumilia siku tatu mfululizo. Baadhi ya watengenezaji, kama Darn Tough wa Vermont, Marekani, hutoa dhamana ya maisha kwa soksi zao. Ni jambo zuri, ila usiliingize kwenye hesabu yako kama kuzirudisha hadi Marekani kutakugharimu karibu na bei ya jozi mpya.

Kwa matembezi ya siku moja Lushoto au Marangu hadi maporomoko, soksi ya poliesta na nailoni ya bei ya kati inatosha, na itakauka haraka zaidi. Mwenye 25,000 tu kwa ajili ya Kilimanjaro asinunue pamba nane; atafute jozi mbili za sufu za mitumba, achome uzi, achague zenye kisigino kizima, na abakize ya plasta. Mwenye 80,000 anunue moja mpya ya kutembelea na moja ya mitumba ya akiba.

Hesabu ya wagumu

Kwa mgumu mambo hubadilika. Mzigo wake una kikomo cha kilo 20, njia ni ileile, lakini katika msimu anaweza kuipita mara mbili au tatu kwa mwezi. Jozi ya 70,000 kwake ni ya thamani zaidi kuliko kwa mpandaji wa mara moja, na ndiye asiyeweza kuinunua. Kwenye msafara huu wagumu wawili walikuwa na pamba zilizotoboka vidoleni. Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project pale Moshi huazima mavazi ya mlimani bila malipo kwa wapagazi, na hupokea ya kutolewa. Kaka alirudi na jozi tatu za pamba mpya ambazo zisingemfaa mtu yeyote juu ya Shira. Dada naye hakuacha Moshi hata jozi moja ya merino. Alizichukua zote nyumbani, zikaishia kwenye beseni. Anayejua hatapanda tena azifue kwa maji ya baridi hotelini siku ileile anayoshuka, azikaushe, na amkabidhi mgumu wake mkononi pamoja na bahashishi.